Jike Si Dume Pungufu: Uhakiki wa Tafiti za Jenetiki ya Uundaji wa Viungo vya Uzazi vya Mbawakawa

Ikisiri

Mbawakawa wamekuwa kielelezo muhimu cha kuchunguza namna jeni zinavyoongoza uundaji wa viungo vya uzazi vya wadudu. Makala haya yanahakiki sehemu ya tafiti hizo kwa kuuliza swali moja: jike amepewa nafasi gani katika maelezo yake? Kazi zinazohakikiwa zinahusu mbawakawa mwekundu wa unga, mbawakawa wenye pembe wa jenasi ya Onthophagus, mbawakawa wa ardhini wa Japani na mbawakawa wa kunde. Inadaiwa kwamba ushahidi wa tafiti zenyewe unaonyesha kuwa ujike hujengwa na kulindwa na jeni hatua kwa hatua, ilhali lugha ya tafiti na baadhi ya mapendekezo yake bado humchukulia jike kama kinachobaki dume akiondolewa. Pengo hilo lina gharama, kwa kuwa mapendekezo ya kudhibiti wadudu waharibifu wa nafaka hujengwa juu yake. Makala yanahitimisha kwa maswali matatu ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyauliza kabla ya kuipokea ripoti ya aina hii.

1. Utangulizi

Mbawakawa ndio kundi kubwa kuliko yote katika wadudu. Spishi zaidi ya 350,000 zimekwisha kuelezwa na wanasayansi. Miongoni mwao wamo wanaorutubisha udongo kwa kuzika kinyesi cha wanyama, na wamo wanaoingia ghalani na kula kile ambacho mkulima amekivuna. Mbawakawa mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, hupatikana popote unga unapohifadhiwa. Mbawakawa wa kunde, Callosobruchus maculatus, hutaga mayai juu ya punje, na buu wake hula akiwa ndani ya punje hiyo hiyo. Dumuzi, Prostephanus truncatus, mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea katika nchi jirani pamoja na mahindi na mihogo mikavu. Kwa hiyo swali la jinsi mbawakawa anavyopata viungo vyake vya uzazi si la maabara pekee. Atakayeweza kuzuia viungo hivyo visiundwe, au vikiundwa visifanye kazi, atakuwa ameshika mlango wa ghala.

Matumaini hayo ndiyo yaliyozipa tafiti hizi msukumo. Mwaka 2008 jenomu ya Tribolium castaneum ilichapishwa katika jarida la Nature, ikiwa ya kwanza kwa mbawakawa. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Bucher, Scholten na Klingler walikuwa wameonyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili ikidungwa katika mwili wa mama hunyamazisha jeni katika watoto wake. Njia hiyo iliwafanya mbawakawa kuwa wadudu wanaochunguzika kwa urahisi ambao spishi nyingine nyingi hazina. Tangu wakati huo makala yamekuja mfululizo, na baadhi yake yamevuka mipaka ya biolojia na kupendekeza hatua za kudhibiti wadudu waharibifu.

Uhakiki huu haupingi thamani ya kazi hizo. Unahoji namna zilivyouliza maswali yake na namna zilivyoyasema majibu. Mwamba ngoma huvutia kwake, nao mtafiti aliyezoea kukitazama kiungo cha dume huyaona matokeo yake kwa jicho la dume.

2. Istilahi na mipaka ya uhakiki

Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hukutana na tatizo la lugha mapema. Neno uke lina maana mbili: hali ya kuwa jike na kiungo cha jike. Neno uume nalo lina maana mbili kwa namna hiyo hiyo. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea. Katika jenetiki ya ukuaji, hata hivyo, maana hizo mbili ndizo hasa zinazotakiwa kutenganishwa, kwa sababu jeni inayoamua hali huweza kuwa tofauti na jeni inayochonga kiungo. Makala haya yanatumia ujike na udume kwa hali. Kwa viungo yanatumia njia ya uzazi ya jike na kiungo cha kujamiiana cha dume.

Neno jinsi nalo lina ngazi tatu ambazo ripoti nyingi huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni jinsi ya jeni: ni toleo gani la RNA linalotengenezwa ndani ya seli. Ya pili ni jinsi ya umbo: ni viungo gani vinavyoonekana katika mwili. Ya tatu ni jinsi ya uzazi: je, mdudu huyu anataga mayai yanayoanguliwa, au anatoa manii yanayotungisha? Mdudu anaweza kubadilika katika ngazi moja asibadilike katika nyingine.

Kiswahili kina faida moja ya kuzingatiwa hapa. Jike na dume ni maneno mawili yenye mashina yake, na hakuna lililonyambuliwa kutoka kwa jingine. Lugha yenyewe haimlazimishi msemaji kumfikiria jike kama dume aliyeondolewa kitu. Ni tafsiri isiyo na uangalifu inayoweza kuleta fikra hiyo kutoka nje.

3. Urithi wa inzi

Maarifa mengi kuhusu uundaji wa jinsi ya wadudu yalitoka kwa Drosophila melanogaster, inzi mdogo anayezunguka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kwa inzi huyo, viungo vya nje vya uzazi hutokana na kifuko kidogo cha seli kinachojikunja ndani ya buu na kungoja wakati wa kubadilika. Kifuko hicho hukusanya seli za pingili ya 8, ya 9 na ya 10 za tumbo. Kwa jike, pingili ya 8 ndiyo inayotoa viungo vyake vya nje. Kwa dume, ni pingili ya 9. Kila jinsi hubeba mwanzo wa viungo vya jinsi nyingine na kuuzuia usikue.

Juu ya mpango huo husimama jeni ya doublesex, kwa ufupi dsx. Burtis na Baker (1989) walionyesha kwamba jeni hiyo moja hutoa protini mbili: RNA yake hukatwa na kuunganishwa kwa namna moja katika dume na kwa namna nyingine katika jike. Aliyekuwa akiiona jinsi kama swichi ya taa, yaani taa ikiwaka ni jinsi hii na ikizimwa ni ile, alipaswa kuiacha picha hiyo tangu wakati huo. Protini ya jike ipo, na ina kazi.

Urithi wa inzi uliwaletea wachunguzi wa mbawakawa msamiati kamili, lakini mwili wa mbawakawa haufuati kila mstari wa msamiati huo. Buu wa Tribolium hana kifuko cha seli cha namna ile. Viungo vyake vya nje vya uzazi hujitokeza kuelekea mwisho wa hatua ya buu na katika hatua ya bundo. Ovari zake pia zimepangwa kwa namna tofauti. Kwa inzi, kila yai hufuatana na seli zake za kulilisha. Kwa mbawakawa wa kundi la Polyphaga, ambamo Tribolium yumo, seli za kulisha hubaki juu kabisa ya mrija wa ovari na kuyafikia mayai kwa nyuzi ndefu. Anayesema kwamba jeni fulani inafanya kazi ile ile katika ovari za wadudu hawa wawili hana budi kueleza ni kazi gani, maana jengo lenyewe si moja.

Kuna jambo jingine ambalo kila fundi wa maabara ya Tribolium analijua. Jinsi ya bundo hutambuliwa kwa kutazama ncha ya tumbo lake: bundo jike ana vinundu viwili vilivyochomoza wazi, na vya bundo dume ni vidogo kiasi cha kuhitaji hadubini na mkono uliozoea. Kwa maneno mengine, jike hutambuliwa kwa kile alichonacho. Ajabu ni kwamba ujuzi huu wa kila siku haukuingia katika lugha ya nadharia.

4. Watoto wa kiume watupu: kazi ya mwaka 2012

Makala ya Shukla na Palli yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Scientific Reports ni miongoni mwa kazi muhimu zaidi katika uwanja huu, na ndiyo inayostahili kuhakikiwa kwa makini zaidi. Watafiti hao waliitambua katika Tribolium jeni ya transformer, yaani kigeuzi, kwa ufupi tra, ambayo huongoza namna RNA ya dsx inavyokatwa. Walipoinyamazisha katika mabundo na wadudu wazima wa kike, RNA ya dsx ilianza kukatwa kwa namna ya kiume. Walipoinyamazisha katika mabuu wa hatua ya mwisho, wadudu wote waliotokea walikuwa na alama za mwili za kiume. Walipoinyamazisha kupitia kwa mama, watoto waliopatikana walikuwa madume watupu. Walihitimisha kwamba njia hiyo ingeweza kutumika kuzalisha madume kwa ajili ya kudhibiti wadudu kwa kuachilia madume tasa.

Umuhimu wa matokeo hayo kwa hoja ya makala haya ni dhahiri. tra ikiwapo, jike hupatikana. Tra ikiondolewa, mwili huelekea udume. Ikiwa kuna jinsi inayostahili kuitwa ile inayobaki pasipo maelekezo, basi kwa mbawakawa huyu jinsi hiyo ni ya kiume, na ujike ndio unaohitaji kazi ya kudumu. Matokeo yanasema hivyo, lakini maelezo yanaelekeza macho kwa madume waliopatikana.

Hoja ya kwanza ya uhakiki inahusu vitenzi. Kichwa cha makala hayo kinazungumzia kuzalishwa kwa watoto wa kiume watupu. Ikisiri yake inazungumzia kuondolewa kwa majike miongoni mwa watoto. Vitenzi hivyo viwili havina maana moja. Ikiwa mayai ambayo yangekuwa majike yamegeuka madume, idadi ya watoto inabaki ile ile na madume wanaongezeka maradufu. Ikiwa yamekufa, idadi imepungua kwa nusu na hakuna dume hata mmoja aliyeongezeka. Kwa mwanabiolojia, tofauti hiyo ni kati ya kugeuza jinsi na kuua kiinitete. Kwa mwenye ghala, ni kati ya wadudu wengi na wadudu wachache. Maneno hayo mawili hayapaswi kubadilishana nafasi katika kazi moja, sembuse katika waraka wa sera utakaoinukuu.

Hoja ya pili inahusu ngazi za jinsi. Kukatwa kwa RNA ya dsx kwa namna ya kiume ndani ya mdudu mzima wa kike ni badiliko katika ngazi ya kwanza. Mdudu mzima amekwisha kujengwa. Njia yake ya uzazi haifumuliwi na kushonwa upya. Kusema kwamba amebadilika jinsi ni kuivusha kauli ya ngazi ya kwanza hadi ngazi ya tatu pasipo daraja. Buu aliyeibuka na kiraka cha vinyweleo kwenye paja la mguu wa mbele, alama inayomtambulisha dume wa Tribolium, amebadilika katika ngazi ya pili. Kuwa na kiraka hicho ni jambo moja. Kuweza kutungisha mayai ni jingine, na kila moja linataka kipimo chake.

Hoja ya tatu inahusu mama. RNA inayodungwa katika mwili wa mama huingia pia ndani ya mayai. Kwa hiyo jaribio la aina hii hunyamazisha kwa pamoja kile ambacho mama huweka ndani ya yai na kile ambacho kiinitete hutengeneza chenyewe. Katika wadudu kadhaa waliochunguzwa, tra ya mama ndiyo huanzisha mzunguko ambamo protini ya tra huendelea kuisaidia RNA ya tra ikatwe kwa namna ya kike kizazi baada ya kizazi. Kujua kama mbawakawa naye hurithi ujike kwa njia hiyo kunataka majaribio yanayomtenga mama na kiinitete. Hapa tena aliyesahauliwa ni jike, safari hii akiwa mzazi.

Ni haki kutaja kwamba watafiti hao hao, katika kazi nyingine ya mwaka 2012 kuhusu jeni zinazoongozwa na dsx, walimpa jike nafasi kubwa. Walieleza matoleo matatu ya kike ya dsx na moja la kiume, na wakaonyesha kwamba kuyanyamazisha matoleo ya kike hupunguza ukuaji wa mayai, utagaji na uanguaji, sambamba na kushuka kwa protini inayotengeneza kiini cha yai. Kazi hiyo haina kichwa chenye mvuto wa madume watupu, lakini kwa mtu anayetaka mayai yapungue ghalani, ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango.

5. Pembe zisizoota

Ushahidi wa pili unatoka kwa mbawakawa wa kinyesi wa jenasi ya Onthophagus, hasa katika tafiti zilizoongozwa na Armin Moczek katika Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani. Madume wakubwa wa Onthophagus taurus wana pembe ndefu kichwani, majike hawana. Maelezo ya haraka yangekuwa kwamba dume ana jeni za pembe zilizowashwa na jike hana chochote kinachotendeka. Kijimoto, Moczek na Andrews (2012) walinyamazisha dsx katika jinsi zote mbili. Pembe za madume zilipungua, na katika vichwa vya majike zikaota pembe.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa polepole. Kichwa cha jike ni laini kwa sababu toleo la kike la dsx linazuia pembe zisiote. Ulaini huo ni kazi ya ujenzi sawa na pembe yenyewe. Aidha, katika Onthophagus sagittarius, ambaye majike wake ndio wenye pembe kubwa, kazi ya jeni hiyo imegeuzwa. Jeni moja imetumika kuota pembe za dume katika spishi moja na za jike katika nyingine, na katika pande zote mbili protini ya jike ni mtendaji.

Macagno na Moczek (2015) waliendeleza swali hilo hadi kwenye viungo vya kujamiiana. Walichunguza jeni zinazopanga viungo kama miguu na papasio, wakaonyesha kwamba zinaongoza pia uundaji wa sehemu za kujamiiana, za dume na za jike. Nguvu ya kazi hiyo iko katika uamuzi wa kuwachunguza wote wawili kwa mizani moja. Pasipo uamuzi huo, jeni hizo zingeingia katika vitabu kama jeni za kiungo cha dume.

6. Pale jike alipotazamwa

Upendeleo wa dume una sababu zake. Kiungo cha dume cha mbawakawa ni kigumu, hukauka bila kupoteza umbo, na kwa muda mrefu wataalamu wa uainishaji wamekitumia kutofautisha spishi. Njia ya uzazi ya jike ni laini na hupotea umbo kwa urahisi inapokaushwa. Lakini ugumu wa kupima si hoja ya kutopima. Ah-King, Barron na Herberstein (2014) walipitia tafiti za mabadiliko ya viungo vya uzazi vya wanyama kwa miaka 25, wakakuta kwamba takriban nusu zilichunguza madume pekee, ilhali zilizochunguza majike pekee hazikufika moja ya kumi.

Faida ya kufanya kinyume inaonekana Japani. Mbawakawa wa ardhini wa kundi la Ohomopterus, katika jenasi ya Carabus, wana kipande kigumu katika kiungo cha dume na kifuko kinacholingana nacho katika njia ya uzazi ya jike. Sota na Kubota (1998) walionyesha kwamba spishi mbili zikijamiiana bila viungo hivyo kulingana, kipande cha dume huweza kuvunjika na utando wa jike kuchanika. Baadaye Sasabe, Takami na Sota (2010) walitafuta maeneo ya jenomu yanayohusika na tofauti hizo, wakiwapima dume na jike katika uzao mmoja. Swali la kufuli na ufunguo haliwezi kujibiwa kwa kupima ufunguo pekee.

Mfano wa kunde uko karibu zaidi na msomaji wa ukanda huu. Dume wa Callosobruchus maculatus ana miiba kwenye kiungo chake cha kujamiiana. Crudgington na Siva-Jothy (2000) waliripoti kwamba miiba hiyo humjeruhi jike ndani, kwamba majike waliojamiiana mara mbili waliishi muda mfupi kuliko waliojamiiana mara moja, na kwamba jike humpiga dume mateke. Majike waliozuiwa kupiga mateke walijamiiana kwa muda mrefu zaidi na kuumia zaidi. Rönn, Katvala na Arnqvist (2007) walilinganisha spishi za jamii hiyo, wakakuta kwamba pale miiba ilipokua mikali, njia ya uzazi ya jike nayo iliimarishwa kwa tishu ngumu zaidi. Hotzy na wenzake (2012) walipunguza miiba kwa uteuzi wa vizazi na kwa leza, wakaona uwezo wa madume wa kutungisha ukishuka.

Picha inayojengeka ni ya viungo viwili vilivyochongana kwa muda mrefu, kila kimoja kikijibu kingine. Mtafiti anayeorodhesha jeni za miiba bila kuorodhesha jeni za ukuta unaoikabili ameandika nusu ya mashtaka na kuacha utetezi.

7. Maana yake kwa sera

Kwa washauri wa sera, swali la papo hapo ni kama pendekezo la kuachilia madume linafaa kwa ghala za Afrika Mashariki na nchi jirani. Ukanda huu una kumbukumbu nzuri ya njia hiyo: kisiwani Unguja, mbung'o alitangazwa kutokomezwa mwaka 1997 baada ya kuachiliwa kwa madume tasa. Ni rahisi kuuhamisha ushindi huo kutoka kwa mbung'o hadi kwa mbawakawa. Biolojia ya jike, hata hivyo, haihamishiki. Jike wa mbung'o huzaa buu mmoja kwa wakati. Jike wa Tribolium hutaga mamia ya mayai katika maisha yake na hujamiiana mara nyingi.

Biolojia ya dume nayo inaleta kikwazo. Kwa Tribolium, dume ndiye hutoa harufu inayowaita wenzake wa jinsi zote mbili kwenye chakula. Kwa dumuzi hali ni hiyo hiyo, ndiyo maana harufu ya dume hutumika katika mitego. Kuachilia madume wa spishi hizi ndani ya ghala ni kuachilia walaji ambao pia ni waitaji. Utasa hauzibi mdomo wala hauzuii harufu.

Kwa mbawakawa wa kunde hoja inageuka. Mdudu mzima hana haja ya kula punje, na jike ndiye hutoa harufu ya kumwita dume. Vikwazo viwili vilivyotajwa vinapungua nguvu, na madhara ya miiba kwa jike yanaingia katika hesabu. Hitimisho la haki ni kwamba pendekezo moja haliwezi kupimwa kwa mbawakawa wote. Kila spishi inataka hesabu yake, na hesabu hiyo huanza kwa kujua jike wake hufanya nini.

Yapo pia mambo ya utekelezaji. Kunyamazisha jeni kupitia kwa mama hufanywa kwa sindano, mama mmoja baada ya mwingine, na athari yake si badiliko la kudumu la jenomu. Bidhaa za RNA zilizokwisha kuidhinishwa nchini Marekani dhidi ya mbawakawa zilifuata njia nyingine. Mahindi yaliyoidhinishwa mwaka 2017 dhidi ya buu anayekula mizizi, na dawa ya kunyunyizia ya ledprona iliyoidhinishwa mwaka 2023 dhidi ya mbawakawa wa viazi wa Colorado, zote hulenga jeni ambazo kila seli huzihitaji ili iishi, bila kujali jinsi. Mshauri anayeambiwa kwamba teknolojia ya RNA tayari imethibitishwa kwa mbawakawa aulize imethibitishwa kwa jeni ipi. Mfuko usiopitisha hewa, ambao wakulima wengi wa ukanda huu wanaujua, nao huua dume na jike kwa pamoja. Pendekezo lolote la kijenetiki litashindanishwa na mfuko huo kwa bei na kwa urahisi.

Ripoti yoyote inayodai kubadili jinsi au uzazi wa mbawakawa na ipimwe basi kwa maswali matatu. Kwanza, jinsi imepimwa katika ngazi ipi: ya jeni, ya umbo au ya uzazi? Pili, majike waliotoweka walikufa au waligeuka, na mayai yalihesabiwa kabla na baada? Tatu, wadudu watakaoachiliwa hula nini na humwita nani? Ripoti isiyoyajibu maswali haya huweza kuwa sayansi nzuri, lakini haijawa msingi wa sera.

8. Hitimisho

Tafiti zilizohakikiwa zimekusanya ushahidi wenye uzito kuliko maelezo yake. tra ya mbawakawa wa unga, pembe zilizoota katika vichwa vya majike wa Onthophagus, kifuko cha Ohomopterus na ukuta ulioimarishwa wa mbawakawa wa kunde na jamaa zake: vyote vinamwonyesha jike anayejengwa kwa maelekezo yake mwenyewe. Kinachohitajika ni kuandika tafiti kwa kuufuata ushahidi huo: kupima jinsi zote mbili katika jaribio moja, kutenganisha ngazi za jinsi, na kutaja hatima ya majike kwa kitenzi kisicho na utata.

Kiswahili kina sehemu yake katika kazi hiyo. Vyombo vinavyosanifu istilahi katika ukanda huu vikitenganisha ujike na kiungo cha jike, na jinsi ya jeni na jinsi ya uzazi, vitawapa wataalamu na washauri lugha ambamo kosa la aina hii ni gumu kufanyika. Mayai yanayoharibu kunde hutagwa na jike. Utafiti unaotaka kuzilinda kunde hizo hauna njia ya kumkwepa.